Springi za Mpwa Wangu

Sina ugomvi na vijana wanaopenda mbio. Ugomvi wangu ni pale mtu anaponunua gari Nairobi, analishusha Nairobi, analifunga tairi za Nairobi, halafu analileta Kimulot mwezi wa nne, mvua ikiwa imechachamaa, na kuniuliza mimi kwa nini linagusa chini.

Mtu huyo ni mpwa wangu. Ana Suzuki Swift Sport, kigari cha milango mitano chenye turbo, ambacho hutoka kiwandani na tairi za 195/45 R17. Kwa wasiosoma ubavu wa tairi: 195 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu utapata ubavu wa milimita 88 hivi. Yaani kati ya rimu ya bei na mawe ya kwetu pana nafasi ya vidole vinne, na ndani yake ni upepo mtupu.

Kijana hushiriki TT, yaani time trial. Unalipa kiingilio, unavaa helmeti, njia inafungwa, unakimbizana na saa. Nilipomweleza jirani yangu jambo hili aliniuliza, "Kwani huwa anachelewa wapi?" Sikuwa na jibu.

Basi kila jioni simu inalia. "Mjomba, nichukue zile tairi laini za mbio au hizi za kawaida?" Ubavuni mwa tairi nyingi pana nambari ya uchakavu, na inavyokuwa ndogo ndivyo raba inavyokuwa laini na kushika lami. Za kawaida huwa 400 na kuendelea. Yeye anatamani za 200 kushuka chini. Tafsiri ya mkulima ni kwamba anatamani kununua tairi tena hivi karibuni. Tena raba hizo hazishiki vizuri mpaka zipate moto. Huku kwetu, kando ya msitu wa Mau, ukungu wa asubuhi ukishuka hata chai haifiki mezani ikiwa moto, sembuse tairi. Na kwa kuwa zina mifereji michache, maji hayana pa kukimbilia. Udongo mwekundu nao ukishajaza hiyo michache iliyopo, umebaki unaendesha vyungu vinne vibichi.

Aliponitajia bei ya tairi moja nilikumbuka bonasi ya chai ya Oktoba, ambayo huku magharibi ya Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya. Nikamwambia atafute za bei nafuu. Akazitafuta kweli, akazipata za mtumba, akaja nazo zimepakwa dawa nyeusi mpaka zinang'aa. Nilipangusa ubavu kwa kidole gumba nikatafuta herufi DOT, nikazifuata mpaka tarakimu nne za mwisho: 1815. Wiki ya 18, mwaka 2015. Raba huwa ngumu ikizeeka, kwa hiyo kijana alikuwa amelipia ulaini uliokwisha kwenda zake.

Na hapo hatujafika kwenye koilova. Hizi ni springi na shokamzoba zilizounganishwa, zenye pete ya kuzungusha kwa ufunguo ili gari lipande au lishuke, na kitufe cha kuongeza ugumu. Gari likiwa chini halilali sana kwenye kona, hilo nakubali. Lakini ukilishusha kupita kiasi, springi inakosa pa kubonyea, gari linakalia raba ya mwisho na kuanza kurukaruka. Tairi iliyo hewani haina breki wala usukani, hata ingekuwa laini namna gani.

Malori ya majani chai yamechimba mitaro miwili kwenye barabara yetu, na katikati limebaki tuta lenye nyasi. Swift ilizifyeka nyasi hizo hadi kwenye kituo cha kununulia chai, ikakwama papo hapo. Kufumba na kufumbua ikawa imezungukwa na wataalamu. Mama mmoja mwenye kikapu mgongoni aliuliza kama gari limechoka au limekaa tu kupumzika. Wa bodaboda akasema weka spesa za kuliinua. Mwingine akasema toa upepo, wa pembeni yake akasema ongeza upepo. Katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyekuwa na gari.

Mpwa wangu akajitetea kwa Safari Rally. Heri angenyamaza. Tangu mbio hizo zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, Toyota ilishinda kila mwaka hadi 2025, na ilishinda kwa Yaris, ambayo Wajapani waliiuza kwao kwa jina la Vitz mpaka juzijuzi. Na magari hayo yakija Kenya mafundi huyainua. Hawayashushi. Akasema ile ni mbio ya vumbi, yake ni ya lami. Nikamwuliza lami iko wapi. Akanyoosha kidole upande wa Litein.

Aliyemtoa ni mzee mmoja mwenye Probox, iliyokuwa imebeba mitungi ya maziwa, kabichi, na watu tisa bila kumhesabu dereva. Probox ilitoka 2002 kama gari la mizigo, na tairi za hii ya mzee, 155/80 R14, zina ubavu wa milimita 124 na herufi N, maana yake zisizidi kilomita 140 kwa saa. Madereva wetu huichukulia N kuwa kima cha chini. Springi za nyuma mzee ameziongeza mpaka gari likiwa tupu linainamisha pua. Nilimwuliza hurekebishaje ugumu. "Ikirusha sana, naongeza abiria."

Akamvuta kijana kwa kamba ya ng'ombe, akacheka mpaka getini kwangu, akanywa mursik na kuondoka. Jumapili baada ya kanisa akanivuta kando, akaangalia kushoto na kulia.

"Mwalimu, zile springi za kuzungusha na ufunguo, za Probox zipo?"

Nikamwambia nitauliza. Sasa jioni nina simu mbili za kupokea, na huyu wa pili hupiga akiwa anaendesha.