Shangazi, Huku Kokwa Linalalia Mkeka wa Umeme

  Shangazi, najua barua hii itasomwa kwa sauti mbele ya wote waliokuzunguka hapo barazani Kirongwe, Mafia, kwa hiyo habari za fedha nitaziandika siku nyingine.

Jana jirani yangu wa hapa Berlin, mama wa makamo mwenye adabu zake, alinigongea mlango akaniuliza kwa upole kama mimea yangu imezidi mitatu. Nikamjibu imezidi, tena sana. Akaguna. Nikamkaribisha aione. Alipokuta mipapai imekunjua majani yenye vidole, ndipo uso ulipomwiva kabisa. Chai ilipoa mbele yetu kabla sijang'amua kwamba mama wa watu alidhani nalima bangi.

Msidhani alikuja kunitishia polisi. Tangu tarehe 1 Aprili 2024, sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima kuotesha mibangi mitatu nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Mitatu halali, wa nne kesi. Yeye alikuja kunikumbusha hesabu tu, kwa ujirani mwema. Nilipomwambia hii ni mipapai, hii miembe, na yule aliyejikunyata pembeni ni mkwaju, alishusha pumzi, kisha akaniuliza jambo ambalo sidhani kama kuna mtu wa Kirongwe aliyewahi kuulizwa: embe huoteshwaje?

Sasa mimi nitajuaje? Kwetu unakula embe, unarusha kokwa nyuma ya nyumba, masika yanapita, mwembe upo, na ugomvi wa nani mwenyewe nao upo. Mpapai ndiyo kabisa, hupandwa na ndege, sisi kazi yetu ni kusubiri maua tujue kama ni dume tulikate. Ila nilikuwa nimeshanunua vifaa, na mtu aliyenunua vifaa hana budi kuwa mtaalamu. Nikamhutubia. Kokwa lisikauke, likikauka limekufa. Lichanwe kwa mkasi taratibu, mbegu ya ndani itolewe, ifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu, kisha ilazwe kwenye mkeka.

Mkeka wenyewe, Shangazi, ni wa umeme. Mafia nzima tumelelewa juu ya mikeka ya ukindu, wengine tukiwa wanne mkeka mmoja, na hakuna aliyewahi kutuchomeka ukutani. Huku kokwa la embe lina mkeka wake peke yake, una joto la nyuzi ishirini na saba, una kipimajoto, na juu yake kuna sanduku la plastiki lenye matundu ya kufungua asubuhi ili mbegu ipunge upepo. Pembeni ipo mashine ya kutoa mvuke, maana kipasha joto cha nyumba hukausha hewa mpaka majani yanakunjika. Na juu ya yote ipo taa ya zambarau. Desemba jua la Berlin halifikishi hata saa nane kwa siku, kwa hiyo taa imetegeshwa iwake kwa muda wa saa kumi na mbili kamili, kama mchana wa kwetu. Nami kwa ujuaji wangu nikaitegesha kwa saa za Kirongwe. Kukipambazuka huko, huku ni saa kumi usiku, na dirisha langu linawaka zambarau mtaa mzima ukiwa umelala. Jirani alikuwa na haki ya kuuliza.

Udongo nao nimenunua dukani. Ni tofali kavu. Ukilitia majini linavimba mpaka ndoo inajaa. Nikageuza karatasi yake nisome limetengenezwa kwa nini. Makumbi ya nazi! Yametoka Sri Lanka, yamesagwa, yameshindiliwa, yamepanda meli. Yale yale tunayochochea chini ya sufuria, na kina bibi wakiyafukia kwenye tope la pwani wapate usumba wa kusokota kamba. Bei sitaitaja, presha yako haijatulia.

Mtaniuliza kwa nini nisiagize kokwa la embe la nyumbani. Nimeshauliza. Tangu Desemba 2019, abiria haingii Umoja wa Ulaya na tunda wala mche bila cheti cha afya ya mimea. Wanawaogopa nzi wa matunda, na tuseme ukweli, hao tunao. Yamesamehewa matunda matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Yaani mibangi mitatu ruksa, doriani na harufu yake yote ruksa, embe la Shangazi lisimame pembeni.

Na nazi zipo. Katika duka kubwa la samani nimezikuta zimechipua, zimekalishwa kwenye vyungu, zinauzwa kuwa pambo la sebuleni. Kila moja ina joya ndani! Nilizunguka pale kwa muda mrefu, mlinzi akanifuata nyuma. Wenyeji wananiambia minazi hiyo hainawiri ndani ya nyumba. Ikishamaliza chakula cha nazi yenyewe, kiza na hewa kavu huimaliza. Na joya lake hakuna anayelila.

Nikizidiwa huenda bustani ya mimea ya Dahlem, kwenye jumba la kioo la mimea ya nchi za joto. Lilijengwa kati ya 1905 na 1907, wakati Wajerumani hao hao wana boma lao Chole, kwetu Mafia. Nalipa kiingilio, miwani inaingia ukungu, navua koti, naketi kwenye harufu ya udongo uliolowa mpaka wanapotufukuza.

Basi, akitokea mtu wa kuja huku, mpeni nazi mbili zilizokomaa, zilizofuliwa vizuri, za kula. Zisiwe zimechipua, maana nazi ikichipua imekuwa mche, na mche unadaiwa cheti. Embe kuleni nyinyi. Ila picha zake msinitumie tena.