Sifa za Lita Nne

Kahawa imesifiwa, dafu limesifiwa, hata tambuu imepata watu wa kuitetea. Dawa ya kuendesha haijapata mtu. Leo nalipa deni hilo.

Nasema ile poda inayokorogwa na maji ikajaza dumu la lita nne, kinywaji cha usiku wa kuamkia kolonoskopia, kipimo cha kupitisha kamera kwenye utumbo mpana. Usiidharau, ina nasaba. Baba yake ni sanamaki, majani yenye jina la Makka. Mama yake ni haluli, ile chumvi tuliyonyweshwa Kilwa Kivinje kila shule ikifungwa, bibi kasimama mlangoni na kikombe, nasi tumeziba pua. Yenyewe ilizaliwa Marekani mwaka 1980, daktari John Fordtran na wenzake walipotafuta maji ya kusafisha utumbo bila kumkausha mgonjwa. Siri yake ni kwamba utumbo hauwezi kuinyonya: hushikilia maji yake ikapita nayo, kama basi la Dar lisilosimama Nangurukuru.

Ina adabu ya kuchagua wenzi. Maziwa haitaki, uji haitaki, na juisi ya rozela ni mwiko, maana daktari anaweza kudhani wekundu ule ni damu. Inakubali chai ya rangi, maji ya dafu bila kukomba, na mchuzi wa chukuchuku uliochujwa, usio na nyanya. Kwa mtu wa pwani ya Lindi hiyo ni karamu kamili, ila samaki kabaki jikoni.

Wapo wanaolalamika kwamba ina ladha ya maji ya bahari yaliyokamuliwa ndimu. Hao wamesahau walivyojifunza kuogelea Kilwa Masoko. Waliyoyameza siku zile yaliwasaidia nini?

Lakini sifa yake kuu ni ukarimu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa akitoa. Cheo hicho mimi nilikipata kwa usiku mmoja, glasi moja kila robo saa. Nilitoa vya leo, nikatoa vya jana, nikatoa hata vya harusi ya juma lililopita. Nikaelewa pia kwamba kasri lake la Husuni Kubwa, pamoja na vyumba vyake zaidi ya mia, thamani yake ilikuwa kwenye chumba kimoja tu, tena kiwe karibu.

Nilikuwa nimefikia Dar kwa shemeji, nyumba ya choo kimoja. Saa sita usiku akabisha hodi.

“Shemeji, umelala humo?”

“Sijalala, shemeji. Niko kazini.”

Na kazi hiyo si mchezo. Uchafu ukibaki, kinyama kidogo ambacho baada ya miaka kingeweza kugeuka saratani hujificha nyuma yake, nawe huambiwa urudi nyumbani ukaanze dumu jingine.

Asubuhi daktari alitazama kioo chake kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mzee, humu hamna kitu.”

Maneno hayo nimeambiwa mara nyingi maishani, na kila mara niligomba. Siku hiyo nilisema ahsante.