Visima Vitatu

Wanyama wa Bara na wa Kisiwani walikuwa na Kisima Kikuu, cha wote. Kisiwani walikuwa pia na kisima chao kidogo pembeni. Bara hawakuwa na chao. Walikunywa kwenye hicho kikuu na kukiita chao, jambo ambalo Kima Punju wa Kisiwani hakulimeza hata siku moja. Sheria ya maji ilikuwa ya mwaka 1977, na viraka vyake vilishazidi kitambaa.

Siku moja Simba, akiwa katika muhula wake wa mwisho, akatangaza kwamba iandikwe sheria mpya. Fisi alishtuka hadi akadondosha mfupa.

Kobe akapewa kazi ya kukusanya maoni. Alitembea kwa mwendo wake ule ule, akamsikiliza Tembo, akamsikiliza na Mchwa. Akarudi na rasimu: visima viwe vitatu, cha Bara, cha Kisiwani na cha wote. Mlinzi wa kisima asiwe tena mgawa maji. Mjumbe asikalie jiwe la baraza zaidi ya mihula mitatu, na akivurunda kabla ya hapo, waliompandisha wamshushe. (Anayemkumbuka Jaji Warioba na Tume yake ya Mabadiliko ya Katiba, ruksa.)

Sungura akaisoma, akakuna sikio. "Shikamoo mzee. Haya yatajadiliwa na nani?"

"Marahaba. Yatajadiliwa na Baraza Maalum."

"Yaani akina nani?"

"Wote wanaokalia mawe sasa hivi, na wengine watakaoteuliwa na Simba."

"Mzee wangu! Umemwandikia Fisi sheria ya mifupa, halafu unampa na kalamu ya kusahihisha?"

Kobe akaingiza kichwa ndani. Sheria ya kuitisha baraza hakuitunga yeye.

Baraza likaketi. Hoja iliyowachemsha mapema ilikuwa posho. Msomaji uliyekuwa kwenye Bunge Maalum la Katiba, Dodoma, mwaka 2014, usinitazame hivyo. Kwenu ilikuwa shilingi 300,000 kwa siku, kwetu ilikuwa mizigo mitatu ya nyasi, na kote kuwili walikuwepo waliolalamika kwamba haitoshi. Nguruwe Pori alisimama akitokwa jasho, akaeleza kwamba nyasi za makao makuu zimepanda bei na yeye ana wageni nyumbani.

Zikafuata kanuni. Je, kura ipigwe kwa kuinua mkia mbele za watu, au kwa kudumbukiza kokoto chunguni? Wa mkia walisema mwenye dhamira safi hajifichi. Wa kokoto walisema anayelishwa na Simba hawezi kuinua mkia dhidi ya Simba. Wiki zikapita, nyasi zikiliwa. Mwishowe ikaamuliwa kila mtu apige atakavyo, na hapo waliochagua chungu wakawa wameshajulikana.

Kobe akawasilisha rasimu yake. Siku tatu baadaye Simba akaja kulifungua baraza rasmi, akaonya kuhusu kisima cha tatu: kitakosa chemchemi yake, na walinzi wasipopata maji watakiteka. Mikia mingi ilijua la kufanya tangu jioni ile.

Nyati, Pundamilia na Swala, ambao kwa kawaida hawasalimiani, wakaungana kuitetea rasimu ya Kobe, wakatoka nje. Fisi aliwapungia mkono hadi vumbi lao likatua. Kisha kalamu ikaanza kazi. Kisima cha tatu kikafutwa, mihula mitatu ikafutwa, kushushwa jiweni kukafutwa. Mahali pake yakaandikwa mambo mazuri ya wakulima, wafugaji na vijana, kwa mwandiko wa kupendeza.

Ili rasimu ipite, zilitakiwa theluthi mbili za kura za kila upande. Upande wa Kisiwani hesabu ilibana, hadi Korongo waliokuwa hija ng'ambo wakapiga kura wakiwa huko huko. Ikapita Oktoba. Wakacheza ngoma, wengine wakalia kwa furaha.

Wanyama wote waliahidiwa kuipigia kura tarehe 30 Aprili ya mwaka uliofuata. Lakini ilibidi waandikishwe kwanza, mistari na madoa yao kwa mashine, na mashine hazikutosha. Kura ikaahirishwa hadi hapo itakapotangazwa. Simba akamaliza muhula, mwingine akaingia, na maji yakaendelea kugawiwa kwa sheria ya 1977.

Miaka ikapita. Wajukuu wa Swala wakaja barazani kudai sheria mpya. Wakaanza kugombana wenyewe: tuendelee na ya Kobe? Au na ile iliyopitishwa na baraza? Au tufute zote?

Fisi, mvi zimemjaa, alisimama kabla hajaitwa.

"Naunga mkono vijana," alisema. "Liitishwe baraza jipya, lianze moja, hata kesho. Msihangaike na kalamu, ninayo."