Pima Aliyekuja

Mwaka ambao kakao ilipata bei nzuri mnadani, wanyama wa Ndandalo walikubaliana kukata kidogo katika malipo ya kila mmoja ili wanunue gari. Mpaka hapo safari ya Kyela mjini ilikuwa ya miguu, na masika yakifika, mito ikishuka na maji ya milima ya Rungwe na kutanda mashambani, ilikuwa ya miguu na matope hadi magotini. Kila mmoja alitoa. Mzee Kobe alitoa. Bibi Fuko, asiyeona tangu kuzaliwa, alitoa. Swala, aliyepoteza mguu wa nyuma kwa mtego wa waya kando ya Mto Kiwira, alikatwa sawasawa na wenye miguu minne. Karani wa ushirika aliandika majina yote katika daftari moja.

Kikao cha kuamua gari litengenezwe vipi kiliitishwa juu ya kichuguu kikubwa, kwa sababu Malafyale Nyati, chifu wao, alipenda kuwaona raia wake kutoka juu. Kobe aliondoka nyumbani alfajiri na jua likamkuta bado njiani. Swala alifika chini ya kichuguu, akajaribu kukipanda mara mbili, akarudi. Fuko hakujua kama kuna kikao, maana tangazo lilichorwa kwenye gome la mwembe na hakuna aliyemsomea.

Fundi Nyani akaja na kamba yake ya kupimia. "Malafyale, ngazi ya mlangoni niipime kwa mguu wa nani?"

Malafyale akawatazama waliokuwapo: Punda, Tumbili, Sungura, Nguruwe na vijana wa Fisi. Akasema, "Pima aliyekuja."

Punda akanyoosha mguu, kamba ikawekwa, fundo likafungwa. Hakuna aliyesema Kobe asipande gari. Hakuna aliyemtaja Swala kwa ubaya. Naliweka wazi hili kwa sababu ndivyo yanavyofanyika mengi ya namna hii: asiyeweza kufika kwenye kikao hahesabiwi, na kwa kutohesabiwa anatengenezewa chombo kitakachomzuia kufika kwenye kikao kijacho. Sidhani kuna kufuli lililo gumu zaidi ya hilo, na halihitaji mtu mwovu wa kulifunga.

Gari likaanza kazi. Tumbili akawa konda, mkono mmoja mlangoni na mwili wote nje. "Kyela, Kyela, Kasumulu! Wawili wa haraka!" Swala aliposogea na mkongojo wake, Tumbili alimwambia, "Dada, panda la nyuma," na gari la nyuma halikuwapo. Kobe alichukuliwa, akawekwa sakafuni katikati ya magunia ya mchele, akatozwa nauli ya abiria na juu yake nauli ya mzigo. Bibi Fuko alilipa, akakaa, akasubiri kusikia Kyela ikitajwa. Haikutajwa. Wenye macho walikuwa wakigonga bodi na kushuka wanapotaka, na yeye akashushwa Kasumulu, mpakani, ambako hakuwa na ndugu wala jamaa.

Walikuwapo wenye huruma. Nguruwe, kila alipokuwa ndani ya gari, alishuka akamkamata Swala kiunoni na kumpandisha bila kumuuliza. Siku moja Swala akamwambia, "Ndaga fijo, asante sana, kaka. Lakini leo upo, kesho huenda usiwepo. Gari ndilo linalopita kila siku." Nguruwe alinuna wiki nzima. Naona alikuwa na nafasi ya kumsikiliza akaiacha.

Tarehe 3 Desemba, siku ambayo dunia imewatengea watu wenye ulemavu, Malafyale aliwaita wote watatu uwanjani. Walibebwa mgongoni mwa vijana wa Fisi. Wakapewa sukari, sabuni, na Swala akaongezewa mkongojo mpya. Hotuba ilikuwa ndefu. Ilipokwisha, vijana walikuwa wameshaondoka na gari lilikuwa limejaa, hivyo Swala akarudi nyumbani kwa mguu na mikongojo miwili, sukari ikiwa imefungwa shingoni.

Ndipo akaja Kunguru kutoka Dar es Salaam. Alikuwa ameishi juu ya paa la kituo cha mwendokasi Kimara tangu mabasi yale marefu yaanze safari mwaka 2016, na alikuwa na macho ya kuona kazi ya fundi.

"Binadamu nao wana shida hii hii," akasema chini ya mwembe. "Nimemwona konda akimwambia mwenye kitimwendo kwamba kiti kinachukua nafasi ya abiria wawili, alipie wawili. Nimemwona kiziwi akipitishwa kituo kwa sababu kituo kilitajwa kwa mdomo tu. Na sheria wanayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010."

Malafyale akafurahi. "Basi nasi tutunge. Iandikwe kwenye gome."

"Malafyale," akasema Bibi Fuko, "mimi gome silisomi. Kunguru, endelea. Hiyo sheria ilishusha ngazi?"

"Ngazi ya daladala ipo palepale," Kunguru akajibu. "Lakini pale Kimara fundi alipewa kipimo kingine. Sakafu ya kituo imeinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi. Mlango ukifunguka, mwenye kitimwendo anaingia kwa magurudumu yake, mama anaingia na mtoto mgongoni, mzee anaingia bila kushika bega la mtu. Nimetazama hilo kwa miaka na bado linanifurahisha. Sitawaficha upande wa pili: jioni watu wakitoka kazini, basi likichelewa, umati unasukumana mlangoni na mwenye kitimwendo anaachwa kwenye ile sakafu nzuri, anaangalia mabasi yakiondoka. Na akitoka nje ya kituo, akitaka kufika mtaani kwake, anakutana tena na ngazi ya daladala."

Kobe akauliza kama kuna mahali ambapo wenyewe waliokosa gari walifanya jambo. Kunguru akasimulia aliyoyasikia redioni, akiwa amekaa dirishani kwa watu: kwamba Julai 1978, katika mji wa Denver huko Marekani, watu 19 wenye ulemavu walikwenda na vitimwendo vyao katikati ya barabara, wakayazunguka mabasi yasiyopandika, wakalala hapo hapo usiku kucha. Mabasi hayakuondoka.

Asubuhi iliyofuata Mzee Kobe alikuwa ameketi mbele ya tairi la gari la Ndandalo. Swala alisimama upande wa pili, na Bibi Fuko alikaa katikati, mgongo wake umeegemea bampa. Tumbili alipiga kelele. Punda alikuwa na magunia ya kuwahisha mnadani na jua lilikuwa linapanda. Kobe alitoa kichwa akasema, "Tunataka mambo mawili. Kikao kifanyike hapa chini, penye tambarare. Na Nyani aje na kamba."

Kikao kilifanyika hapo hapo, gari likiwa limezimwa. Nyani alipima mguu wa Kobe, akapima upana anaohitaji Swala na mkongojo, akaweka mafundo mapya. Kisha akakuna kichwa. Kukata mlango upya ni gharama, na fedha ya kakao ilikuwa imekwisha.

Bibi Fuko akaomba nafasi. Katika Ndandalo nzima hakuna aliyejua udongo kumshinda, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kila masika mnainua udongo chini ya nyumba zenu ili maji yasiingie," akasema. "Inueni udongo kituoni. Tuta la kufika usawa wa sakafu ya gari, lenye mteremko wa kupandia. Udongo wa juu msitumie, unayeyuka. Chimbeni chini yake kuna mfinyanzi. Shindilieni, pangeni mawe ya mtoni pembeni. Na ukingoni, kabla ya mlango, wekeni kokoto, ili mimi nijue kwa nyayo zangu kwamba nimefika."

Wakachimba. Tuta la kwanza Nyani alilijenga kwa haraka, mteremko ukawa mkali, Kobe akapanda hadi katikati akateleza na kurudi chini kwa mgongo. Vijana wa Fisi wakacheka. Kunguru akaeleza kipimo cha mafundi wa binadamu: kwa kila kimo cha hatua 1, mteremko urefuke hatua 12. Nyani alilalamika kwamba hiyo ni kazi mara nne ya aliyofanya. Akaifanya. Kobe alipanda taratibu, kama anavyokwenda siku zote, akaingia garini, na hakuna mkono uliomgusa.

Nyuma yake akaingia mke wa Nguruwe, mjamzito, na Punda na mikungu ya ndizi. Punda, ambaye mguu wake ndio uliopimiwa ngazi, hakuitumia tena ile ngazi.

Lakini Tumbili hakuwa amebadilika. Kila siku alimfanya dereva asimame hatua tatu mbele ya tuta, kwa kuwa kusimama sawasawa kulimpotezea muda, na hatua tatu kwa Swala ni sawa na kutokuwa na tuta kabisa. Majina ya vituo aliyataja alipojisikia. Kwa hiyo kikao kingine kikaitishwa Kyela mjini, na Kobe akaenda kwa gari, mara yake ya kwanza kufika kikaoni kabla hakijaanza. Alikuwa na hesabu kichwani: nauli zote za mzigo alizotozwa yeye, na zile alizotozwa Swala kwa mkongojo. Alizitaja moja moja. Malafyale alimwamuru Tumbili azirudishe mbele ya wote, na ikaamuliwa kwamba gari likisimama nje ya tuta, mapato ya safari hiyo yaende kwenye kujenga tuta la kituo kinachofuata. Kufikia mwezi wa pili Tumbili alikuwa amejenga tuta moja zima kwa makosa yake. Kisha akaanza kusimama mahali pake, na kutaja kila kituo kwa sauti, na kuwaonyesha kwa vidole wasiosikia.

Siku ile ya kikao cha Kyela, kabla ya kufunga, Malafyale aliuliza kama kuna jambo jingine.

"Lipo," akasema Swala. "Dada yangu anaishi Mbamba Bay, kusini, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Meli ya MV Mbeya II inaondoka bandarini na mimi sijawahi kuipanda. Kesho Nyani aende na kamba, nami niwepo akipima."

Nyani akauliza waondoke saa ngapi.

"Kwa gari la saa kumi na mbili," Swala akamjibu. "Foleni ya tiketi huwa ndefu, na napenda kukaa dirishani."