Hesabu ya Chama, Toleo la Mwisho Kabisa (3)

Ukitaka kujua watu wa Gakindu wana simu za aina gani, usiende kuuliza dukani. Watumie jedwali. Kabla ya jua kutua utakuwa umejua nani ana simu ya kisasa, nani amerithi ya bintiye ikiwa imepasuka kioo, nani hununua bando la saa moja, na nani amekuwa akijibu "nimeona" miaka yote bila kufungua faili hata moja.

Chama chetu hakina makuu. Ni majirani wa hapa Gakindu, Mukurwe-ini, wengi wao wafugaji wa ng'ombe wawili watatu, wenye mashina ya kahawa na migomba kidogo. Kila tarehe 7 tunachanga kwa M-Pesa, wanaohitaji mikopo wanakopa, na anayechelewesha mchango anatozwa faini ya shilingi 20 kwa siku. Tangu zamani hesabu hizo zilikaa kwenye kaunta buku ya mweka hazina. Mkutanoni zilisomwa mbiombio, mmoja akapendekeza zipite, mwingine akaunga mkono, chai ikaletwa. Hakuna aliyejua zilisema nini.

Ndipo nikaunda jedwali. Nalisifu bila haya kwa sababu lilistahili. Lilikuwa na ukurasa wa wanachama, wa michango na wa mikopo. Lilikuwa na orodha za kuchagua, ili mtu asiandike jina lake kwa tahajia tatu tofauti. Mkopo ukichelewa seli iligeuka nyekundu, ukilipwa ikawa kijani. Juu kabisa palikuwa na kitufe kikubwa kilichoandikwa FUNGA MWEZI, ambacho kilimaliza kazi ya jioni nzima kwa kufumba na kufumbua. Wanachama walipoliona kwenye kompyuta yangu walifurahi hata wakaongeza kifungu katika katiba ya chama: "Hesabu ya chama ni ile iliyo kwenye jedwali." Kisha kila mtu akaomba atumiwe lake. Nikalituma kwenye kundi la WhatsApp, nikaenda kukamua.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mzee mmoja wa upande wa bondeni.

"Katibu, kwa nini umezungushia pesa zangu seng'enge?"

Alikuwa anaona alama hizi: ######. Nambari ikiwa pana kuliko safu yake, programu haithubutu kuikata, maana 12,500 ikikatwa ikasomeka 12 patakuwa na vita. Badala yake hujaza nafasi kwa alama hizo. Nikamwambia apanue safu kwa kidole. Alivuta skrini nzima, akapita jina lake, akatokea kwenye mikopo ya jirani yake. Hiyo ilisomeka vizuri sana. Hakupiga simu tena kuulizia pesa zake. Alipiga kuulizia za jirani.

Mwalimu mmoja mstaafu hakuamini simu, akapeleka faili saiba. Kompyuta ya pale ilikuwa na toleo la zamani la Excel, na mimi nilikuwa nimetumia fomula ya XLOOKUP, ambayo matoleo ya 2016 na 2019 hayaitambui. Fomula isiyotambulika hujibiwa kwa neno moja: #NAME?. Mwalimu ni mtu wa nidhamu, hajawahi kuacha swali bila jibu. Alipoona mashine inamwuliza jina, akaandika majina yake yote matatu. Seli ya chini yake ikauliza tena, akaandika tena, safari hii na nambari ya kitambulisho. Alipofika mwisho wa safu alikuwa amejiandikisha kuwa mdeni wa kila mkopo ambao chama kimewahi kutoa.

Kijana wetu wa bodaboda yeye alikwama kwenye kitufe. Alikibonyeza akiwa stejini, akakibonyeza akisubiri abiria, akanitumia video akikibonyeza. Kitufe huendeshwa na makro, na Excel ya simu haiendeshi makro. Inakuonyesha kitufe kikiwa na rangi zake zote, ila nyuma yake hakuna kitu. Mwanachama mwingine alifungua faili hiyohiyo kwenye kompyuta ya kazini, likatokea onyo la usalama, na mwenzake akamwambia hivyo ni virusi. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani. Shosho mmoja alinivuta kando baada ya ibada kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama virusi hivyo vinapitia M-Pesa.

Nambari za simu zikawa na kisa chao. Jedwali likiona nambari inaanza na 07, huamua kwamba sifuri ya mbele haina kazi, likaitupa. Wenye bidii wakaandika upya wakianza na 254. Hiyo ni nambari ya tarakimu 12, na jedwali huiona ndefu mno, likaifupisha kitaalamu: 2.55E+11. Mweka hazina, ambaye hutuma mikopo kwa uangalifu mkubwa, alinipigia akiwa ameshika simu mbili.

"Nukta nimeona. Hiyo E naibonyeza wapi?"

Lakini balaa lenyewe lilitoka kwenye tarehe. Dada yetu mmoja anaishi Massachusetts, Marekani, na hukumbuka chama kuliko sisi tunaolala hapa. Simu yake inasoma tarehe Kimarekani, mwezi kwanza, siku baadaye. Mwezi wa Juni alichelewa siku mbili, akalipa tarehe 9, akaandika 9/6 jinsi alivyofundishwa shuleni Kenya. Simu ikasoma Septemba 6. Jedwali likahesabu siku 91 za kuchelewa, likamtoza shilingi 1,820 badala ya 40. Alitutumia ujumbe wa sauti mrefu, na ndani yake alitaja ukoo mzima.

Septemba akalipa tarehe 8, siku moja baada ya makataa, akaandika 8/9. Simu ikasoma Agosti 9. Jedwali likaona amelipa siku 29 kabla ya wakati, likazidisha kwa 20, likatangaza kwamba chama kina deni lake la shilingi 580. Safari hii hakukuwa na ujumbe wa sauti. Alipiga picha ya skrini, akanyamaza.

Nilijaribu kuwaeleza wanachama kwamba ndani ya jedwali tarehe ni nambari tu, hesabu ya siku tangu Januari 1, 1900. Nilifika mbali, nikawaambia kwamba hata hesabu hiyo ina kasoro: Excel inaamini kulikuwa na Februari 29, 1900, siku ambayo haikupambazuka Nyeri wala kwingineko. Ilirithi imani hiyo kutoka Lotus 1-2-3, programu ya mwaka 1983, ili faili za huku zisomeke kule. Kompyuta za Macintosh nazo zilikwepa tatizo kwa kuanza kuhesabu mwaka 1904, kwa hiyo tarehe ikihama kutoka faili ya hesabu moja hadi ya nyingine inaweza kuruka siku 1,462. Niliposema hivyo mwenyekiti aliuliza kama siku hizo 1,462 zinatozwa faini.

Nikaleta mifano ya wakubwa. Uingereza, Oktoba 2020, matokeo karibu 16,000 ya korona hayakuripotiwa kwa wakati kwa sababu yalimiminwa kwenye faili ya muundo wa zamani, ambayo haipokei zaidi ya mistari 65,536. Mwaka huohuo wanasayansi wa jeni walitangaza kubadilisha majina ya jeni zenyewe, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa kuwa jedwali lilikuwa linaigeuza kuwa Machi mosi. Yaani ilikuwa rahisi kubadilisha jina la kitu kilicho ndani ya mwili wa binadamu kuliko kubishana na jedwali.

Mzee wa bondeni alisikiliza mpaka mwisho. "Hao wana serikali," akasema. "Sisi tuna wewe."

Kijana mmoja anayesoma chuo Nyeri akasema dawa ni jedwali la mtandaoni, moja kwa wote, kila mtu aone kilekile. Tukahamia Google Sheets. Kumbe kuingia kunataka barua pepe. Kila mmoja wetu alikuwa nayo, ila nywila zilibaki kwa muuza simu wa Karatina aliyetufungulia akaunti. Tukafungua mlango, yeyote mwenye kiungo aingie. Anayeingia hivyo bila akaunti Google humpa jina la mnyama, na picha yake hukaa pembeni juu ya ukurasa. Jioni ya kwanza mwenyekiti aliona wanyama wamejaa kwenye akiba ya chama, tena mmoja wao fisi.

"Haiya! Huyu fisi ameingiaje kwenye hesabu zetu?"

Macho yote yakamwendea mwanachama mmoja ambaye sifa zake zinajulikana. Aliapa kwamba simu yake haina hata bando. Tulipochunguza, fisi alikuwa mke wa mchungaji, akiangalia akiba yake kwa utulivu. Wiki chache baadaye, matatu ikiwa njiani kwenda Nyeri, kidole cha mtu kilifuta safu yote ya mikopo. Kwa saa kadhaa Gakindu hapakuwa na mtu mwenye deni. Walioona walikuwa wengi, na aliyeripoti hakuwepo. Bahati nzuri programu hiyo hutunza matoleo ya nyuma. Madeni yakarudi, salamu zikapungua.

Huku nyuma zile faili za WhatsApp zilikuwa bado zinazaana. Kila mtu alirekebisha yake, akaituma kundini, ikapokewa na mabano mapya: Hesabu ya Chama (1), Hesabu ya Chama Mwisho, Hesabu ya Chama Mwisho Kabisa (3). Zote zilikuwa za mwisho, na hapakuwa na mbili zenye jumla moja.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikulitarajia. Miaka yote ya kaunta buku hakuna mwanachama aliyewahi kuuliza jumla inatoka wapi. Kulikuwa na jumla moja, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na ukiikagua ni kana kwamba unamtuhumu mweka hazina, ambaye pengine ni mama mkwe wako. Sasa kulikuwa na jumla kumi na kitu, na kuuliza hakukuwa utovu wa adabu tena. Mtu alisema tu, "Simu yangu inaonyesha tofauti." Mzee wa bondeni alileta ujumbe wake wote wa M-Pesa, mmoja baada ya mwingine. Shosho alitoa daftari lake, ambalo hakuna aliyejua lipo. Mwalimu alikagua mikopo yote aliyojiandikia na kukuta miwili iliyokuwa imelipwa lakini haikuwahi kufutwa hata kwenye kaunta buku. Jedwali ambalo kila simu ililisoma kivyake liliwafanya watu wasome. Lingefanya kazi sawasawa, lingepita kwa kupendekezwa na kuungwa mkono, na chai ingeletwa.

Hatimaye niliacha kutuma jedwali, nikaanza kutuma jibu lake. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 haikungoja kila mtu awe na simu ya kisasa. Ilipita kwenye laini yenyewe, bila intaneti, na kabambe, simu ndogo ya vitufe, ikatuma pesa sawa na simu ya bei. Nikafuata nyayo. Hesabu inabaki kwenye kompyuta yangu, na kila mwezi kila mwanachama anapata ujumbe mfupi usiozidi herufi 160: mchango, mkopo uliobaki, faini, na jumla ya chama. Hauna rangi, hauna kitufe, na tarehe imeandikwa kwa jina la mwezi. Shosho anausoma kwenye kabambe, na dada yetu anausoma Massachusetts. Malalamiko yaliyobaki ni ya mwalimu peke yake, anayesema ujumbe haumpi nafasi ya kujibu.

Katika mkutano mkuu wa mwaka dada yetu alikuja likizo, akasimama, akatoa ile picha ya skrini, na kudai shilingi zake 580. Kicheko kilipotulia akasoma katiba: hesabu ya chama ni ile iliyo kwenye jedwali. Haisemi jedwali la nani, wala lililofunguliwa kwa simu gani. Tukabishana mpaka chai ikapoa, kisha tukapiga kura. Alilipwa. Baada ya hapo kifungu kikarekebishwa kwa kauli moja, na sasa kinasomeka hivi: "Hesabu ya chama ni ile iliyo kwenye jedwali, kwenye kompyuta ya katibu, stima ikiwepo."