Heko kwa Mtetemo

Watu wamesifu mengi: mwezi, pilau, serikali iliyopo. Nashangaa hakuna aliyekaa kitako akausifu mtetemo unaoingia kwenye saksafoni mpulizaji anapovuka miaka 60. Wenzangu wa bendi wanauita maradhi. Mimi nauita neema.

Kwanza hauna ada. Kijana anayejifunza huhangaika miaka na miaka kuipata vibrato, ule ufundi wa kuyumbisha noti kwa kulegeza na kukaza taya, na ile ya kupendeza huyumba kama mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Sasa tazama ukarimu wa uzee: mtetemo wa mwili unaowapata wazee wengi huenda mara 4 hadi 12 kwa sekunde. Kasi ni ileile, tena bila mwalimu! Tofauti ni ndogo tu: ya kijana huja ikiitwa, wangu huja wenyewe na haujui kuaga.

Ukoo wake nao si haba. Sidney Bechet, mzaliwa wa New Orleans, alikuwa na soprano saksafoni inayotikisika kila noti, na Wafaransa walimwenzi mpaka alipofariki mwaka 1959. Mafundi wa vinanda vya makanisa makubwa walishabuni zamani kifaa cha kuutikisa upepo unaoingia kwenye mabomba. Na kodiani ya taarab je? Mara nyingi kitufe kimoja huliza vilimi viwili, kimoja kikiwa kimepandishwa kidogo makusudi kisilingane na mwenzake. Sauti hutetema, akina mama huinuka na noti mkononi kwenda kutuza. Sijasikia mpiga kodiani akishauriwa aende hospitali.

Mimi hushauriwa kila siku. Simu yangu ina programu ya kupimia sauti: ukipuliza sawasawa, sindano husimama katikati na kioo kikageuka kijani. Yangu huenda kushoto, ikarudi kulia, kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Kijana wa ngoma akiiona hucheka, kisha huanza mawaidha. Shuka, mzee, kutoka ridi (kilimi cha saksafoni) namba 3 hadi 2 na nusu, maana ridi ngumu inadai midomo uliyokuwa nayo zamani. Pumzi itoke tumboni, usiikabe kooni. Kabla ya wimbo wowote vuta noti ndefu, mojamoja, polepole, na uweke chombo chini kabla midomo haijachoka. Na hayo meno ya bandia yakazwe, kwa sababu yakicheza, mdomo wa saksafoni unacheza nayo.

(Mtetemo unaozuka ghafla, au unaomwaga chai kikombeni, huo siusifu. Huo ni wa daktari.)

Ubaya wa mawaidha ya kijana ni kwamba ni ya kweli. Nilibadili ridi, nikajifungia na noti ndefu mpaka jirani akahamishia kiti chake upande wa pili wa nyumba, na sindano ikaanza kutulia. Hapo ndipo nilipoijua fadhila kubwa kuliko zote. Sikio likisikia noti inayoyumba hushika katikati yake, likasamehe huku na huku. Noti iliyonyooka haina pa kujificha. Juzi mazoezini nilipuliza moja ndefu, imesimama wima, haitikisiki hata chembe, na bendi nzima ikasikia wazi kwamba niko chini ya wenzangu karibu robo ya sauti.

Mpiga kinanda, aliyekuwa wa kwanza kuulalamikia mtetemo, alisimamisha wimbo, akanivuta pembeni na kuniuliza kwa adabu, “Mzee, ile ridi ya zamani bado unayo?”