Jinsi ya Kulifundisha Kasha la Mjusi Kubeba Maji

Hatua ya kwanza: mtoe mjusi. Wapo watakaoona ni matusi kuambiwa jambo hilo, lakini samaki hununuliwa kwa pupa na mjusi huhamishwa kwa kusitasita, kwa hiyo tuanze na yeye. Mtafutie mfugaji mwingine au kasha jingine. Usimfungulie mlango wa uani ukamtakia safari njema. Mjusi wa Australia hana kwao Kinondoni, na vijidudu alivyobeba havijaalikwa na mijusi wa huko. Kama ametangulia mbele ya haki, pole. Kasha tupu sebuleni lina upweke wake, na hamu ya kulitia uhai tena ni hamu njema. Ninachoomba ni kwamba uhai huo usije ukaishia kwenye zulia.

Hatua ya pili: chukua futikamba, na bomba lisiguswe kwanza. Kasha lenye urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45 likijazwa pomoni huchukua lita 182, yaani kilo 182 za maji, bado hujahesabu kioo, mchanga na mawe. Na uzito huo hauelemei meza peke yake. Maji husukuma pembeni pia, na ukuta wa mbele wa kasha hilo hupokea msukumo ulio sawa na kilo 90 hivi. Ni kama mtu mzima, tena aliyetoka kula pilau, ameegemea kioo usiku na mchana bila kuaga. Kasha la mjusi halikuandaliwa kwa mgeni wa namna hiyo. Mengi hujengwa kwa kioo cha milimita 4 au 5, wakati kwa tangi la samaki la vipimo hivyo fundi vioo hupenda kutumia milimita 8 au zaidi. Silikoni ya kwenye viungo vyake iliwekwa ishike vioo visiachane. Kuzuia maji hakukuwa kazi yake. Na kama kasha lako ni la plaiwudi, acha papo hapo. Weka vitabu.

Ila hesabu hiyohiyo inayotisha ndiyo inayookoa. Msukumo juu ya ukuta hufuata mraba wa kina cha maji. Ukijaza nusu tu, sentimita 22 na nusu, ule ukuta uliokuwa ukisukumwa kwa kilo 90 sasa unasukumwa kwa kilo 23 hivi. Nusu ya maji, robo ya balaa. Basi ushauri wangu ni huu, na yote yanayofuata yanautumikia: usilitake kasha liwe ziwa, litake liwe dimbwi.

Kama lina milango ya mbele, dimbwi litakuwa la kina kifupi zaidi. Usijaribu kuiziba milango kwa silikoni, hata kama shemeji yako amekuhakikishia kwamba aliwahi kuona ikifanyika. Chini ya milango huwa kuna ubao wa kioo usiofunguka. Maji yakomee sentimita mbili tatu chini ya ukingo wake. Nafasi iliyobaki juu ipe mimea, mawe na magome. Ukiupata mpangilio huo sawasawa, nusu bustani na nusu kijito, utawashangaza hata wenye matangi makubwa.

Sasa usafi. Wanyama watambaao wanaweza kubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuumwa, kwa hiyo kasha lioshewe nje, mbali na karai la jikoni. Tupa matandiko yote ya zamani: nyuzi za nazi, mchanga wa kalsiamu, magogo yaliyokojolewa miaka mitatu. Sugua madoa meupe kwa siki, suuza, kisha siku nyingine tumia jiki iliyozimuliwa kwa maji mengi, suuza tena na tena, uache likauke juani. Siki na jiki visikutane kamwe, maana hutoa gesi ya klorini. Sabuni pia ibaki kwenye vyombo vya chakula. Na jiulize kwa dhati: je, mjusi aliwahi kupuliziwa dawa ya utitiri humo ndani? Permethrini, iliyomo katika baadhi ya dawa za aina hiyo, ni sumu kali kwa samaki, na mabaki yake yanaweza kujificha kwenye viungo. Kama jibu ni ndiyo, panda humo mimea tu.

Tuje kwenye silikoni, mahali ambapo subira ya watu huisha. Nunua silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka, na usome maandishi yote kwenye chupa. Ile ya bafuni inayojisifu kuzuia ukungu ina dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo haichagui cha kuua. Silikoni mpya haishikani vizuri na ile kuukuu, kwa hiyo kupaka tabaka moja juu ya jingine ni kujidanganya. Kata kwa wembe ule ukanda wa ndani wa pembe zote, usibakize hata uzi; lakini silikoni iliyo katikati ya kioo na kioo usiiguse, hiyo ndiyo inayolishika kasha lisimame. Futa kwa spiriti, paka ukanda mpya kwa mkupuo mmoja pembe zote, ulainishe kwa kidole kilicholowa. Kisha ondoka. Chupa ikisema saa 24, ipe wiki. Samaki bado wako dukani, hawana haraka.

Majaribio yafanyike uani, juu ya ubao ulionyooka, na boksi kavu limetandikwa chini. Boksi halijui kuficha siri: tone moja tu, utaona doa. Jaza sentimita tano, ngoja, ongeza, ngoja, hadi kimo ulichopanga, na uliache kasha lisimame siku tatu.

Vyombo vya joto vya mjusi vyote vinastaafu. Taa yake ya moto ikirukiwa na maji baridi inaweza kupasuka, na mkeka wa joto uliobandikwa chini ya kioo utakipasha mahali pamoja kuliko pengine. Dar es Salaam maji ya samaki huhitaji hita mara chache mno. Ukiwa Birmingham mwezi Januari, nunua ile ya kuzamisha majini. Kila waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni.

Kisha kaa na maji matupu. Wiki nne hadi sita. Chujio likiwa linazungusha maji, tupia chembe za chakula kana kwamba kuna mlaji. Zitaoza zitoe amonia, bakteria wa kwanza waigeuze kuwa nitriti, na wengine waigeuze nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Wageni watauliza samaki wako wapi. Waambie wafugwao kwa sasa ni bakteria, maana ndiyo kweli. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini kwanza, la sivyo utawaua.

Kwa dimbwi, samaki wa dimbwi. Samaki wa dhahabu huzidi sentimita 20, na mbuna wa Ziwa Nyasa ni wagomvi wanaotaka nafasi na miamba. Ninayempendekeza kwa moyo wote ni Nothobranchius guentheri wa Unguja: sentimita tano hivi, dume mwenye mkia mwekundu unaokufanya usahau televisheni. Kwao ni vidimbwi vya mvua. Huanguliwa, hukua, hutaga na kufa ndani ya msimu, na mayai hulala kwenye udongo mkavu yakingoja mvua nyingine. Kina kifupi kwake si adhabu. Tafuta waliozalishwa na wafugaji, usiende kuvichota vidimbwi vya Unguja. Weka dume mmoja na majike mawili au matatu, na ufunike juu, kwa sababu huruka. Wavu wa mjusi utafaa kama si wa chuma cha kushika kutu. Ukiwawekea bakuli la mboji watatagia humo. Ikamue, ihifadhi ikiwa na unyevu kidogo ndani ya mfuko kwa miezi mitatu hivi, halafu uinyeshee mvua yako mwenyewe.

Wanapenda sana viluwiluwi wa mbu. Watege kwa ndoo ya maji uani, lakini uifunike kwa chandarua mara tu mayai yanapoonekana, na utoe wachache wanaomalizwa kwa dakika chache. Kiluwiluwi aliyesahauliwa huota mbawa ndani ya wiki moja au mbili, naye atakujia chumbani kudai chakula chake.